Nguvu ya Mvuke: Vipi Ulimwengu wa Mitambo Ulivyoanza, na Lipi Litupasalo Kujifunza



Katika darsa zetu swali hili huulizwa mara kwa mara: mitambo iliyougeuza ulimwengu ilitoka wapi, na kwa nini ilitoka huko ilikotoka? Na kila liulizwapo, barazani husikika kauli mbili. Wako wasemao kwamba Wazungu wameumbwa na akili isiyokuwa kama yetu, basi hatuna budi kununua wanachotengeneza na kunyamaza. Na wako wasemao kwamba mambo hayo yote yalikuwa ya wazee wetu Waislamu, wao wakayachukua tu, basi hatuna haja ya kushangaa wala kujifunza. Kauli ya kwanza huvunja moyo, na ya pili hulaza usingizi. Na mwisho wa zote mbili ni mmoja, nao ni mtu kuketi asifanye neno.

Kauli hizi haziondoki kwa maneno makali, bali huondoka kwa kuijua habari yenyewe. Kwa hivyo leo tutachukua mtambo mmoja tu, nao ni mtambo wa mvuke, tuufuate hatua kwa hatua tangu mwanzo wake mpaka kufika pwani yetu hii. Kisha tutazirudia zile kauli mbili tuzitazame kama zasimama.

I. HEWA TUISHIYO CHINI YAKE

Jambo la kwanza la kujua ni kuwa mtambo wa mvuke haukuanzia kwa fundi wa chuma. Ulianzia kwa watu waliokuwa wakiuliza swali lisilokuwa na faida ya fedha: je, hewa ina uzito? Mwaka 1643 Mtaliana Evangelista Torricelli alionyesha, kwa bomba la kioo na zebaki, kwamba hewa yatukandamiza sote kwa uzito wake. Mwaka 1657 Otto von Guericke, mkubwa wa mji wa Magdeburg katika Ujerumani, aliunganisha mabakuli mawili ya shaba, akaitoa hewa iliyokuwamo ndani, kisha akafunga farasi upande huu na upande huu. Farasi wakavuta wasiweze kuyatenga. Hapakuwa na gundi wala msumari. Kilichoyashika ni hewa ya nje iliyokosa mwenziwe wa ndani wa kushindana naye.

Nguvu hiyo si ndogo. Kila sentimita moja ya mraba juu ya ardhi hukandamizwa na hewa kwa uzito wa karibu kilo moja. Sisi hatuihisi kwa kuwa iko ndani yetu na nje yetu. Atakaye kuiona nyumbani kwake na achukue chupa nyembamba ya plastiki, aimimine maji ya moto kidogo, aitikise, aimwage, kisha aifunge upesi na kuimwagia maji baridi. Ataiona chupa yajikunja mbele ya macho yake, kama iliyobanwa na mkono. Mvuke uliokuwamo umerudi kuwa maji, nao mvuke ukirudi kuwa maji huacha nafasi tupu, na hewa ya nje huiingilia. Alifahamuye jambo hili ameufahamu mtambo wa kwanza wa mvuke. Kilichobaki ni kazi ya mikono.

II. MUUZA VYUMA WA DARTMOUTH

Uingereza wakati ule ilikuwa na shida kubwa. Watu walichimba makaa ya mawe na madini kwa kina, na kila walipozidi kushuka maji yaliwazidi, hata machimbo mengine yakaachwa. Farasi hawakutosha kuyavuta maji yale. Denis Papin, Mfaransa, aliandika mwaka 1690 habari ya silinda ndogo yenye pistoni iliyoinuliwa kwa mvuke. Thomas Savery alipata hati ya haki mwaka 1698 kwa mtambo wa kuvuta maji, lakini haukuweza kina kirefu.

Aliyefaulu hakuwa mwanachuoni. Alikuwa Thomas Newcomen, muuza vyuma wa mji wa Dartmouth, mtu aliyewauzia wachimbaji zana na kuijua taabu yao. Mwaka 1712 alisimamisha mtambo wake karibu na Dudley. Ulikuwa na jungu kubwa la kuchemshia maji, na juu yake silinda, nayo ni mfano wa kinu kirefu cha chuma. Na ndani ya silinda mlikuwa na pistoni, mfano wa mchi uliojaa kinu chote pasipo mwanya. Mvuke ukiingia, pistoni hupanda. Kisha maji baridi hurushwa ndani ya silinda, mvuke ukageuka maji, ikawa tupu, na hewa ya nje ikaisukuma pistoni chini kwa nguvu. Pistoni ilifungwa kwenye ncha ya boriti kubwa mfano wa mzani, na ncha ya pili ikayavuta maji kutoka chini ya ardhi. Mtambo huo ulipiga kama mara 12 kwa dakika.

Basi tazameni. Kilichofanya kazi si mvuke hasa, bali ni ile hewa ya Torricelli na Guericke. Wenye elimu waliuliza swali, mwenye kazi ya mikono akalitia swali lile katika chuma. Lau kila mmoja angelibaki barazani kwake, mtambo usingelikuwapo.

III. KAZI YA JAMES WATT

Wengi wamesikia kwamba James Watt alikaa jikoni akaona kifuniko cha birika kikiinuka, na hapo ndipo alipovumbua mvuke. Hicho ni kisa cha kufurahishia watoto. Watt alizaliwa Greenock, Scotland, mwaka 1736, na mtambo wa Newcomen ulikuwa tayari umefanya kazi zaidi ya miaka 20 kabla hajazaliwa. Kazi yake ilikuwa nyingine, na kwa maoni yangu ni bora zaidi kuliko ile ya kwenye kisa.

Watt alikuwa fundi wa kutengeneza ala za kupimia katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Katika miaka ya 1763 na 1764 aliletewa kigezo kidogo cha mtambo wa Newcomen akitengeneze. Fundi mwingine angelikaza msumari, akapokea ujira wake, akaenda zake. Yeye aliuliza: kwa nini mtambo huu wala moto mwingi hivi na kazi yake ni chache? Akapima maji, akapima mvuke, akauliza tena. Chuoni hapo palikuwa na mwalimu, Joseph Black, aliyekwisha kuchungua habari za joto, na Watt akazungumza naye. Akaona kasoro ilipo: silinda ile ile huchemshwa kwa mvuke, kisha hupozwa kwa maji, kisha yataka kuchemshwa tena. Moto mwingi wapotea katika kuipasha moto silinda, wala si katika kazi.

Mwaka 1765 dawa yake ikampitia moyoni: mvuke upozwe katika chombo kingine kilicho mbali, na silinda ibaki moto daima. Neno hili laweza kusemwa kwa pumzi moja. Lakini lilichukua zaidi ya miaka kumi kuwa kitu cha kuuzwa. Hati ya haki aliipata mwaka 1769. Tajiri wake wa kwanza, John Roebuck, alifilisika. Ikambidi Watt apime ardhi za mifereji ili apate chakula cha watoto. Mwaka 1774 alihamia Birmingham kwa Matthew Boulton, mwenye karakana kubwa, mtu aliyekuwa na fedha na zaidi ya fedha alikuwa na subira. Bunge likairefusha hati yake mwaka 1775 mpaka mwaka 1800.

Na hata hapo mambo hayakutimia, kwa kuwa silinda za wakati ule hazikuwa na duara sawa, na mvuke ulipenya pembeni. Aliyeliondoa hilo ni John Wilkinson, mfua vyuma, aliyebuni mwaka 1774 mashine ya kukerezea mizinga. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya vita kikaifaa silinda. Mwaka 1776 mitambo ya kwanza ya Watt na Boulton ikaanza kazi, ikitumia kama robo tu ya makaa yaliyotumiwa na mitambo ya kale. Na malipo yao yalikuwa ya busara: walitoza thuluthi ya thamani ya makaa ambayo mteja ameyaokoa.

IV. KUTOKA BOMBANI MPAKA NJIANI

Mpaka hapo mtambo ulijua kupanda na kushuka tu. Wenye viwanda walitaka mtambo wa kuzungusha. Katika miaka ya 1780 Watt na wenzake waliupa mwendo huo, na viwanda vya pamba vilivyokuwa vimebanwa kando ya mito vikaweza kujengwa popote penye makaa. Mashine za kusokotea nyuzi za Hargreaves, Arkwright na Crompton, na ile ya kufumia ya Cartwright ya mwaka 1785, zikapata mnyama wa kuzivuta asiyechoka.

Richard Trevithick alitumia mvuke wenye nguvu kubwa zaidi, jambo ambalo Watt alilichelea na kulipinga, na mwaka 1804 gari lake likakokota tani 10 za chuma juu ya reli huko Penydarren, Wales. Huyu ni mfano kuwa hata mkubwa wa fani aweza kuwa kizuizi cha wale wajao nyuma yake. Kisha akaja George Stephenson, mwana wa mchochea moto wa machimboni, ambaye mpaka umri wa miaka 18 hakujua kusoma. Akaenda kusoma usiku baada ya kazi. Mwaka 1829 gari lake na la mwanawe Robert, liitwalo Rocket, likashinda mashindano ya Rainhill, na mwaka 1830 ikafunguliwa reli ya Liverpool na Manchester.

V. NANI ALILIPA?

Si haki kusifu mtambo na kunyamaza juu ya waliosagwa nao. Mashine haikuchoka, basi mwenye mashine akataka na binadamu asichoke. Watoto wadogo walitiwa viwandani kutwa nzima. Mpaka mwaka 1833 ndipo sheria ya Uingereza ilipokataza viwanda vingi vya nguo kuwaajiri watoto walio chini ya miaka 9, na kupunguza saa za waliozidi umri huo. Na mwaka 1842 ndipo wanawake wote, na wavulana wa chini ya miaka 10, walipokatazwa kufanya kazi chini ya ardhi machimboni. Fahamuni maana ya makatazo hayo: hapana anayekataza lisilofanywa.

Na pamba yenyewe ilitoka wapi? Nyingi ilitoka kusini ya Marekani, ikachumwa na watumwa wenye asili ya Afrika, mpaka utumwa ulipokomeshwa huko mwaka 1865. Kwa hivyo mashine iliyopunguza kazi ya mfumaji ilizidisha kazi ya mtumwa. Kila mtambo una pande mbili, na mwenye insafu hutazama zote mbili.

Wala sisi watu wa pwani tusijione tumesimama mbali. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na wafanya biashara wa Salem wakaleta Unguja ile nguo ambayo mpaka leo twaiita merikani. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa kule, ikafumwa kwa mashine, ikafika huku, ikabadilishwa kwa pembe za ndovu na sandarusi. Na pembe hizo zilibebwa kutoka bara na wachukuzi ambao baadhi yao walikuwa watumwa pia. Babu zetu walinunua, na babu zetu waliuza.

VI. MVUKE UNAFIKA KWETU

Kwa karne nyingi miji yetu iliishi kwa pepo mbili, kaskazi na kusi. Jahazi huja na huu na kurudi na huu, na mtu huyapanga maisha yake kwa majira hayo. Mwaka 1869 mfereji wa Suez ulifunguliwa, na mwaka 1872 meli za kampuni ya British India zikaanza safari za kila mwezi baina ya Aden na Unguja. Meli ya moshi haingoji msimu. Majahazi hayakufa siku moja, lakini tangu hapo bei na wakati havikuamuliwa tena na nahodha wetu.

Mwaka 1896 reli ilianza kujengwa Mombasa, na mwaka 1901 ikafika ziwani Kisumu. Zaidi ya watu 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini kwa maradhi, ajali na wanyama. Gari la moshi liliyapita yale tuliyoyajua: njia za misafara zilikufa, na miji ambayo haikuwapo ikainuka. Hatukushauriwa. Na hatukushauriwa kwa kuwa hatukuwa na fundi hata mmoja ambaye bila yeye kazi ingesimama.

Asidhani mtu kuwa mvuke umekwisha. Magari ya moshi yamepisha ya dizeli, ni kweli. Lakini mwaka 1884 Charles Parsons alitengeneza tabini, gurudumu lenye mapanga mengi lizungushwalo na mvuke, na mpaka leo sehemu kubwa ya umeme wa dunia hupatikana kwa njia hiyo. Huku Kenya, Olkaria karibu na Naivasha, mvuke hutoka chini ya ardhi yenyewe, nao umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981. Msomaji asomaye karatasi hii usiku chini ya taa, yaelekea anasoma kwa msaada wa mvuke.

VII. TURUDI KWENYE ZILE KAULI MBILI

Ama kauli ya kwanza, kwamba wale wana akili ya namna nyingine, habari tuliyoisoma yaikanusha yenyewe. Tumeona nini? Muuza vyuma, mtengeneza ala, mtoto wa machimboni asiyejua kusoma. Hapana hata mmoja aliyevumbua mtambo peke yake. Mmoja aliuliza, wa pili akapima, wa tatu akafua, wa nne akatoa mali na kungoja, na sheria ikamlinda mwenye haki. Huu ni mnyororo, wala si muujiza wa damu.

Ama kauli ya pili, ina ukweli ndani yake, na kwa hivyo yataka jawabu la uangalifu. Al-Jazari aliandika mwaka 1206 kitabu cha mitambo, na ndani yake mna bomba la kuvutia maji lenye silinda mbili. Taqi al-Din, mzaliwa wa Damascus, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1551 kijiti cha kuchomea nyama kilichozungushwa na mvuke. Miaka 161 kabla ya Newcomen. Haya ni kweli, na ni fahari. Lakini waulizeni wajisifuo: kijiti kile kilizungusha nyama, na baada ya hapo kikazungusha nini? Taqi al-Din alijengewa nyumba ya kutazamia nyota Istanbul mwaka 1577, na mwaka 1580 ikabomolewa kwa amri ya sultani yule yule. Mnyororo ulikatika. Elimu haikuibiwa, iliachwa pasipo wanafunzi. Mwenye shamba la babu akaliacha likaota magugu, hana haki ya kumlaumu jirani aliyepanda lake.

Na mtu asiseme, basi tununue. Muhammad Ali wa Misri alinunua. Katika miaka ya 1820 na 1830 alijenga viwanda, akaleta mashine na mafundi kutoka Ulaya. Lakini nchi ilikosa makaa na kuni, ikakosa mafundi wake wa kutosha wa kutengeneza kilichoharibika, na mashine nyingi zikazungushwa na ng'ombe. Mataifa makubwa nayo yakambana kwa mikataba na kumpunguzia jeshi lililokuwa likinunua nguo za viwanda vyake, na viwanda vingi vikafa. Kilichodumu zaidi ni matbaa ya Bulaq na wanafunzi aliowapeleka Paris mwaka 1826, na pamoja nao sheikh kijana wa Al-Azhar, Rifaa al-Tahtawi, aliyerudi akafasiri na kufundisha. Chuma kilioza, na elimu ikabaki.

Na hapa ndipo nisemapo neno ambalo huenda lisipendeze. Katika miji yetu mwana akisoma vitabu husifiwa, na mwana akishika nyundo huonewa haya. Tajiri hukataa kumwoza bintiye kwa fundi, akamwoza kwa karani. Mafuta mikononi twayaona uchafu, na wino twauona heshima. Kisha twashangaa kwa nini kila kinachoharibika nyumbani hungoja mgeni! Ama wanachuoni wetu, wengine wao hudhani kwamba kuuliza habari za joto na hewa ni kupoteza wakati. Joseph Black hakuona haya kuzungumza na fundi, wala fundi hakuona haya kumuuliza. Mlango ule baina ya darsa na karakana ndio uliofungwa kwetu, na aliyeufunga ni sisi.

Basi ninyi wazazi, mtoto akivunja saa ili aone ndani yake, msimpige kabla ya kumuuliza ameona nini. Ninyi wenye mali, mtazameni Boulton: mali yake ilingoja miaka, nanyi mwataka faida kabla ya Ramadhani ijayo. Nanyi vijana mlioko karakanani, someni usiku kama Stephenson. Na mlioko vyuoni, shukeni karakanani. Na siku mtakapokuwa na mitambo yenu, wakumbukeni watoto wa viwandani na wachumaji wa pamba, msije mkafanya lile lile lililowafanya wengine walaumiwe.

MASWALI YA DARSA

1. Katika mtambo wa Newcomen, ni nini hasa kinachoisukuma pistoni chini, na kwa nini?

2. Watt aliona kasoro gani, na aliiondoa vipi?

3. Mtambo wa Watt ulihitaji mfua vyuma na tajiri. Ni kina nani, na kila mmoja alitoa nini?

4. Kwa nini mashine za nguo zilizidisha utumwa Marekani badala ya kuupunguza?

5. Tajeni kazi tatu za mikono katika mji wenu ambazo hazina mwanafunzi hata mmoja, na mseme ni nani atakayezifanya baada ya miaka 20.

Swali la tano halina jawabu katika karatasi hii. Jawabu lake mtalileta ninyi darsani, inshallah.